Msaada wa familia uingie nyumbani kwa mkono wa nani?

Jambo kwenu akina baba na akina mama mliokimbia vijiji vyenu juu ya vita. Jambo kwenu mliowafungulia wageni mlango, mkagawana nao nyumba, choo na mboga. Jambo kwenu washefu wa lokalite na wa kartie, wazee wa kimila, na ninyi wa kamati za kambi. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio yako imekosa mawe, karibu, kaa pamoja nasi.

Leo tutaongea juu ya kadi ya chakula. Wengine watasema: huyu anatafuta nini, vita vinaua watu naye anatuletea habari ya kadi! Lakini ninyi mnaoishi kambini mnajua. Ugomvi mwingi unaoamka kule hauanzi na bunduki, unaanza na liste. Nani ameandikwa, nani amefutwa, nani ameandikwa mara mbili, na nani anatembea na kadi mfukoni. Bwana ameandikwa kama kichwa cha familia na kadi ina jina lake. Siku ya kugawa anapokea unga, maharagi, mafuta na chumvi. Njiani anauza nusu. Pengine ana sababu ya kweli, kama vile deni au dawa. Pengine sababu yake ni kasiksi. Pengine hayupo kabisa: ameenda kutafuta kazi kwenye mashimo ya dhahabu, na kadi ameenda nayo. Mama anafika mbele ya meza na watoto watano nyuma yake, anaambiwa: lete kadi. Siku bwana akirudi, kelele inasikika hema kwa hema. "Miye njo baba wa nyumba," anasema huyu. "Sasa tutapika jina yako?" anajibu yule. Kisha majirani wanaingia, jamaa za mume na jamaa za mke, na mara nyingine jambo la nyumba moja linageuka kuwa jambo la kabila na kabila.

Mimi nilisoma sheria kwenye univerisite, ndiyo maana watu huniuliza: sheria inasema kadi ni ya nani? Nitajibu, lakini si mara moja. Kwanza nataka mfahamu habari ya mama mmoja wa Uingereza aliyetumia karibu miaka 50 ya maisha yake juu ya swali hilihili. Msaada unapotolewa kwa ajili ya familia, upite kwa mkono wa nani ili umfikie mtoto? Alikuwa mtaalamu wa mambo ya familia na ya misaada ya serikali kabla watu hawajafahamu kwamba kazi hiyo inaweza kuwa utaalamu. Tena alifanya kazi hiyo katikati ya vita viwili vikubwa, na miaka yake ya mwisho aliitumia kwa wakimbizi. Kwa hiyo habari yake si ya mbali sana nasi.

Jina lake ni Eleanor Rathbone. Alizaliwa mwaka 1872 katika jamaa ya wafanyabiashara wakubwa wa Liverpool, mji wa bandari upande wa magharibi wa Uingereza. Baba yake alikuwa mbunge, na ndiye aliyeanzisha Liverpool kazi ya wauguzi wanaowafuata wagonjwa maskini nyumbani mwao. Binti alisoma Oxford tangu 1893 hadi 1896, akafanya mitihani, lakini diploma hakupewa, maana univerisite ile ilianza kuwapa wanawake diploma mwaka 1920 tu. Hakuolewa, hakuzaa, wala hakukulia katika njaa. Nasema hivi mapema kwa sababu kuna watu wanaopenda kumziba mtu mdomo wakisema asiyezaa hana neno juu ya watoto. Sikilizeni kwanza kazi yake.

Aliporudi Liverpool alijiunga na chama cha kusaidia maskini, akawa anatembelea nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi zilikuwa za wapakiaji wa meli. Bandari ile ilifanya kazi kwa vibarua wa siku, wale sisi tunaowaita jurnalie. Asubuhi wanaume walisimama pamoja, msimamizi akapita akichagua. Aliyechaguliwa alipata kazi ya siku au ya nusu siku. Aliyeachwa alirudi mikono mitupu. Juma hili pesa, juma lile hakuna. Kama umekwisha kusimama kwenye soko au kwenye bandari ya ziwa ukingoja lori au mashua ya kupakua, huhitaji maelezo zaidi.

Wengine wa tabaka lake waliona umaskini ule wakasema: wanaume hawa ni walevi, wake zao hawajui kupanga. Yeye alifanya jambo ambalo ningependa kila mtu wa msaada alifanye. Pamoja na wenzake alihesabu. Mwaka 1909 ikatoka ripoti juu ya maisha ya vibarua wale, iliyotoka katika hesabu za ndani za familia: ziliingia ngapi, zilitoka ngapi, zilinunua nini. Hesabu zile zilionyesha familia inayonunua chakula kidogokidogo kwa bei ya juu, inayokopa dukani, inayoweka nguo rehani ili ipate chakula na kuzikomboa pesa zikiingia. Mama ndiye aliyebeba mzigo wote wa kupanga, lakini pesa hazikuwa zake. Alipewa kile mume alichopenda kumpa, na mara nyingi hata hakujua mume amepata ngapi. Mwaka uleule wa 1909 Eleanor alichaguliwa katika baraza la mji wa Liverpool, mwanamke wa kwanza kuingia mle, akakaa hadi 1935.

Basi vita vikafika. Agosti 1914 wanaume kwa maelfu waliingia jeshini, na serikali ilikuwa imeahidi kwamba mke wa askari atalipwa posho kila juma, na kila mtoto ataongezewa kitu. Ahadi nzuri. Lakini ofisi za jeshi hazikuwa tayari, karatasi zilipotea, majina yalichanganyika, na wanawake walikaa majuma bila kitu. Kulikuwa na chama cha kusaidia familia za askari na mabaharia. Eleanor akapanga tawi la Liverpool, akakusanya wanawake wa kujitolea, wakafungua ofisi, wakaandika familia moja baada ya nyingine, wakawalipa akina mama pesa za kungojea mpaka zile za serikali zifike.

Ninyi mnaoandika liste kambini, simameni hapa kidogo. Kazi ya kuandika majina watu huidharau, wanaona ni kazi ya kalamu tu. Kumbe ndiyo inayokata nani ale. Na katika kuandika huko Eleanor aliona jambo ambalo halikutazamiwa na mtu. Mume alikuwa mbali, mfereji mmoja wa pesa ulikuwa umefungwa, na bado katika nyumba nyingi maskini watoto walikuwa wanapata nafuu. Kwa nini? Kwa sababu pesa zilifika kila juma bila kukosa, ziliongezeka kulingana na hesabu ya watoto, na zilitiwa mkononi mwa mama. Mambo matatu tu. Kabla ya vita hakuna hata moja lililokuwako.

Lakini posho ile ilikuwa na mwiba. Mwezi wa Oktoba 1914 serikali ilitoa maagizo polisi wawaangalie wake wa askari, na mke aliyesemwa kuwa na mwenendo mbaya aliweza kukatiwa posho. Hapo utaona tofauti ya haki na hisani. Kitu ambacho jirani anaweza kukunyang'anya kwa kupeleka maneno kwa mkubwa, hicho si haki yako bado. Sina haja ya kuwaeleza ninyi mnaoishi katika mabloku maneno ya namna hiyo yanavyotumika.

Baada ya vita Eleanor hakuacha wazo lile lipotee. Tangu 1917 yeye na wenzake walikuwa wameunda kamati ya kudai kwamba hata wakati wa amani serikali ilipe posho kwa ajili ya kila mtoto, na ilipe kwa mama. Mwaka 1924 akatoa kitabu chake kikubwa, The Disinherited Family, yaani familia iliyonyimwa urithi wake. Hoja ya kitabu kile nitaieleza polepole, maana ndiyo moyo wa kazi yake yote.

Wakati ule wafanyakazi wa Uingereza walidai mshahara wa kulisha familia, na familia ilihesabiwa hivi: mume, mke na watoto watatu. Dai la haki, unasema. Eleanor akachukua hesabu za watu wa nchi akaonyesha kwamba familia ile ya watu watano ni ya karatasi. Wanaume wengi hawakuwa na mtoto hata mmoja, na wengine walikuwa na saba. Ukimlipa kila mwanamume kwa ajili ya mke na watoto watatu, alisema, utakuwa unalipia wake milioni 3 wasiokuwako na watoto zaidi ya milioni 16 wasiokuwako. Na pamoja na gharama hiyo yote, watoto zaidi ya milioni moja na robo, wale wanaozidi watatu katika familia kubwa, watabaki hawana kitu. Ninyi wa kamati za kambi mnaojua majina ya fiktifu kwenye liste mtaelewa haraka: hapa fiktifu zilikuwa ndani ya mshahara wa taifa zima, na hakuna mwizi aliyeziandika.

Tena kulikuwa na jambo la wanawake wanaofanya kazi. Walilipwa kidogo kuliko wanaume kwa sababu, ilisemwa, mwanamume ana familia ya kulisha. Je, mjane mwenye watoto wanne anayefanya kazi hiyohiyo? Yeye hana familia? Eleanor akasema: tenganisheni mambo mawili. Mshahara uwe wa kazi, sawa kwa mwanamume na mwanamke. Mtoto naye ahesabiwe peke yake, kwa sababu yeye ni mtu, na posho yake ije kwa jina lake kupitia yule anayemtunza.

Wazo lile halikuzuka hewani. Wakati ule Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa na visanduku ambavyo wenye viwanda walichanga ili kuwalipia wafanyakazi wenye watoto. Baadaye Ubelgiji ilikifanya kuwa sheria kwa watu wa mishahara mwaka 1930, na Ufaransa mwaka 1932. Wazee waliofanya kazi katika makampuni makubwa ya nchi yetu wanalijua neno alokasio familiali kwenye karatasi ya mshahara; neno hilo lilitufikia kwa njia ya Wabelgiji. Lakini tazameni: kwenye karatasi ile alokasio iliandikwa pamoja na mshahara wa baba. Mtoto alihesabiwa, ndiyo. Mama alibaki akingoja mlangoni kama mke wa mpakiaji wa Liverpool.

Eleanor alipata wapinzani wa kila upande. Matajiri walisema serikali itafilisika. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo ungefikiri vitamsaidia, viliogopa kwamba wenye viwanda watatumia posho ya watoto kuwa sababu ya kukataa kuongeza mishahara. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, nasema wazi. Wengine walisema: mkimpa mama pesa mnavunja heshima ya baba, mnamfundisha uvivu. Maneno hayo mnayasikia hata leo, na kwa sauti ileile.

Mwaka 1929 aliingia Bunge la London, amechaguliwa na watu waliosoma katika univerisite kadhaa za Uingereza, bila kuwa wa chama chochote. Tangu hapo alitetea mambo mengi, na siyo yote aliyoyafanya vizuri. Nitawapa mfano mmoja, maana hatusaidiwi na habari za watu wasio na kosa. Alisoma kitabu kimoja juu ya ndoa za watoto wa kike huko India, akashikwa na huruma, akaita mkutano London mwaka 1929. Wanawake wa India waliokuwako, kati yao Dhanvanthi Rama Rau, walisimama wakamwambia kwamba wao wenyewe wanapigania jambo hilo nyumbani kwao, na hawahitaji Waingereza wawasemee bila kuwauliza. Mwaka 1932 alifunga safari kwenda India kusikiliza, lakini ilikuwa amekwisha kusema mengi. Watu wa mashirika, na sisi tunaotoka mjini na karatasi zetu, neno hilo linatuhusu. Kule Liverpool alihesabu kwanza ndipo akasema. Juu ya India alisema kwanza.

Kisha ikaja habari ya wakimbizi. Hitler alipowatesa Wayahudi na wapinzani wake, watu walikimbia Ujerumani, Austria na Chekoslovakia. Mwisho wa 1938 Eleanor aliunda kamati ya wabunge juu ya wakimbizi, na kazi ya kila siku ya kamati ile ilikuwa mezani pake: visa, wadhamini, majina ya watu waliokwama. Mwaka 1940 Uingereza iliingiwa na hofu ya wapelelezi, ikawakamata Wajerumani na Waaustria zaidi ya 20,000 ikawatia kambini. Wengi wao walikuwa wakimbizi walewale waliomkimbia Hitler! Yaani mtu amekimbia adui, na mwenyeji wake anamfunga kwa sababu lugha yake ni ya adui. Nadhani katika majimbo yetu ya mashariki hakuna anayehitaji tafsiri ya jambo hilo. Eleanor alikwenda kwenye kambi moja karibu na Liverpool, akasimama bungeni, akaiuliza serikali maswali juu ya wafungwa wale mpaka mawaziri wakachoka naye. Watu walimwita mbunge wa wakimbizi.

Huku kazi yake ya familia ilikuwa inaiva. Bwana mmoja aitwaye William Beveridge alikuwa amekisoma kile kitabu cha 1924 kikamgeuza kabisa. Alikuwa mkuu wa shule kubwa ya uchumi ya London, na akaanza kuwalipa walimu wa shule ile posho ya watoto. Mwisho wa mwaka 1942, katikati ya vita, huyo Beveridge aliiandikia serikali ripoti iliyokuwa msingi wa misaada ya jamii ya Uingereza baada ya vita, na ndani yake alisema mpango wote hauwezi kusimama bila posho za watoto. Alipendekeza shilingi 8 kwa mtoto kwa juma. Serikali ikashusha hadi shilingi 5, na mtoto wa kwanza hakuhesabiwa. Eleanor alimeza hayo. Alikuwa na miaka zaidi ya 70, alijua mlango ukifunguka kidogo unaweza kufunguka zaidi.

Lakini kuna kitu kimoja hakukimeza. Mradi wa sheria ulipofika bungeni mapema mwaka 1945, ulisema pesa ni mali ya baba. Mama angeweza kwenda kuzichukua posta, ndiyo, lakini kwa sheria ni za mume. Angalieni ujanja uliomo: mkono ni wa mama, haki ni ya baba. Eleanor akasimama akasema kwamba sheria ile ambayo ameitafuta zaidi ya miaka 25, yeye mwenyewe ataipigia kura ya kuikataa ikiwa itabaki hivyo. Watu walishangaa. Serikali ikaona hatari, ikawaachia wabunge wapige kura kila mmoja kwa dhamiri yake, bila amri ya chama. Bunge lile, ambalo karibu wote walikuwa wanaume, likaamua pesa ziwe za mama. Sheria ikakamilika Juni 1945. Eleanor Rathbone alikufa tarehe 2 Januari 1946. Posho ya kwanza ililipwa Agosti 1946, akina mama wakasimama foleni kwenye posta, na yeye hakuiona foleni ile.

Mtoto wa kwanza naye alingoja hadi 1977, posho ilipogeuzwa ikapewa jina jipya na kuhesabu watoto wote. Katika badiliko hilo kulitokea jambo lenye faida kubwa kwa swali letu. Hadi wakati ule baba alikuwa akipunguziwa kodi ya mshahara kwa ajili ya watoto. Nafuu hiyo ikaondolewa kwake, na pesa zikaenda kwa mama. Nyumba ileile, watoto walewale, mkono tofauti. Wachumi watatu, Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales, walichunguza matumizi ya familia kabla na baada, wakatoa majibu mwaka 1997: pesa za nguo za watoto na za wanawake ziliongezeka zikilinganishwa na za nguo za wanaume. Basi anayesema mkono haubadili kitu, na alete hesabu yake.

Sasa turudi kwetu. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka kambi za Goma za mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka. Mwanzoni chakula kilitolewa kwa wakubwa wa komine ili wao wagawe. Wakubwa wale walizidisha majina, wakajitengea chakula, na kwa chakula wakawashika watu shingoni, wasiowatii hawakula. Baadaye tu ndipo iliposisitizwa kugawa kwa familia zenyewe. Watu wa Kivu wanajua nguvu ile ilizaa nini. Mwaka 1995, kwenye mkutano wa wanawake wa dunia huko Beijing, PAM iliahidi kwamba katika sehemu nane kwa kumi za ugawaji wake, haki ya chakula cha familia itashikwa na wanawake. Ni mawazo ya Eleanor yaleyale, ingawa sidhani wengi waliokuwa wanapima unga walilijua jina lake.

Na sheria yetu? Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema mume ndiye kichwa cha nyumba, na mke alihitaji ruhusa yake kwa mambo mengi ya kisheria. Badiliko la tarehe 15 Julai 2016 liliondoa ruhusa hiyo. Neno la mume kuwa kichwa cha nyumba limebaki, siwafichi. Lakini sikilizeni vema, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kuwa kichwa cha nyumba ni kazi ya kuongoza na kulinda. Si hati ya kumiliki chakula cha watoto. Msaada wa chakula huhesabiwa kwa watu: PAM hupanga kwa kalori 2,100 kwa kila mtu kwa siku, akiwemo mtoto mchanga. Familia ya watu 7 ikipokea, wamepokea watu 7. Anayebeba mfuko amebeba amana ya wengine sita. Anayeuza fungu la mtoto bila shauri la nyumba ameuza kitu kisicho chake, awe mume au awe mke. Nasema awe mke pia, kwa sababu nimekwisha kuulizwa kama akina mama wote ni malaika. Hapana. Lakini anayesimama mbele ya chungu ndiye anayeulizwa na watoto jioni, na swali hilo ni mlinzi mkali kuliko kamati.

Kuna mambo matatu ambayo Eleanor hakuyakuta Liverpool na sisi tunayo. La kwanza, mume mwenye wake wawili au watatu. Sheria ya nchi haiitambui ndoa ya namna hiyo, lakini tumbo la mtoto halisomi sheria. Kila mama na watoto wake wawe na kadi yao. Kadi moja kwa wake watatu ni kuwasha moto kwa makusudi. La pili, baba aliyefiwa au aliyeachwa na watoto. Huyo ndiye mtunzaji, kadi iwe yake bila kumcheka. La tatu ni zito zaidi: nyumba yenye kipigo. Mama anaweza kupewa kadi saa nne na kupigwa saa sita. Kubadili jina kwenye liste bila kuongea na wanaume ni kumwachia mama hatari yote peke yake. Washefu na wachungaji, hapo ndipo kazi yenu ilipo: kuwaita akina baba kabla ya kuandika, kueleza hesabu ya watu 7, na kutangaza mbele ya wote kwamba jina la mama halijaandikwa ili kumvua baba heshima. Na mama aliyepigwa juu ya kadi ajue mlango wa kugonga usiku, na mwenye mlango huo awe amekubali mapema.

Nanyi mnaoishi nao nyumbani badala ya kambini, familia zilizopokea wageni: mtu akija kuandika, ombeni aandike wageni kwa kadi yao na ninyi kwa yenu, ikiwa nanyi mmo katika msaada. Mama mwenye nyumba na mama mgeni wakilishwa kwa kadi moja, urafiki wao hautapita miezi miwili.

Kwa kamati, neno la kazi. Liste isomwe kwa sauti mahali pa wazi kabla ya siku ya kugawa, siyo siku yenyewe. Kila mama asikie jina lake na hesabu ya watoto wake. Anayelalamika aandikwe, apewe siku ya kujibiwa, na ajibiwe na mtu mwingine, siyo yule aliyemfuta. Baba akisafiri na kadi, mama aje na majirani wawili wanaomjua na watoto, na kamati iandike barua ya kufuta kadi ile na kuomba nyingine. Fanyeni hivyo kwa mke wa rafiki yenu na kwa mke wa adui yenu namna moja.

Juma lijalo tutaongea juu ya watoto waliozaliwa ukimbizini na namna ya kuwaandikisha kwenye eta sivili. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na wengi hapa siku hizo zimepita. Mwenye swali aliandike, au amwambie anayejua kuandika, na alipeleke kwa shefu wa bloku au kwa yule aliyewapa karatasi hii.